Matundu Matano

"Mama Eugenia, haya hayaingii."

Hapo ndipo tulipomwacha Joviana, msomaji wangu, uani kwake Kimuli asubuhi ya Jumamosi, fundi Celestin akiwa amepiga magoti kando ya Datsun SSS ya mumewe na gurudumu jipya likiwa limemlalia mapajani. Juma zima mmeniuliza njiani kwa nini hayaingii. Sababu ni hii: gari lilikuwa na boliti nne. Gurudumu lilikuwa na matundu matano.

"Hesabu tena," Joviana alisema.

"Mama, nne na tano sizihesabu mara mbili."

Magurudumu yenyewe yalikuwa mazuri, haki yake Joviana tumpe. Rimu za spoti, zinang'aa, zina mikono mitano mipana kama nyota, na tairi mpya zimeshavalishwa. Joviana alizichagua mwenyewe. Mfanyabiashara wa Mutukula, mpakani, alipomuuliza anataka za namna gani kutoka Kampala, alimjibu papo hapo: si zile za wavu. Rimu ya wavu hunasa tope jekundu, tope likikauka upande mmoja usukani hutetemeka kama mgonjwa wa homa. Mikono iwe michache na mipana, tope lidondoke lenyewe. Na rimu isiwe pana kupita kiasi, gari likikata kona tairi likaanza kukwaruza madigadi.

Mfanyabiashara alimtazama kwa mshangao. Mwanamke huyu kayajulia wapi?

Aliyajulia mezani kwake. Melkiory, mumewe, aliyazungumzia magurudumu hayo usiku na mchana, vile vijana wanavyomzungumzia msichana wa jirani. Mke akasikiliza. Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, akauza mavuno ya kibanja chake, asimwambie mtu, akaagiza.

Na ninyi mnaofikiri alitaka tu kumfurahisha mume, ngojeni. Joviana alikuwa na lake. Yeye na Melkiory waliishi miaka yote hiyo bila ndoa ya kanisani. Kila Jumapili wenzake wakisimama kwenda komunyo, yeye alibaki kwenye benchi, akijifanya anatafuta rozari kwenye mkoba. Melkiory alikuwa na neno moja tu: "Kahawa ikipata bei, nitafunga ndoa." Bei imepatikana. Kwa hiyo magurudumu yale yalikuwa ya gari la harusi. Harusi yake.

"Vipimo alichukua nani?" Celestin aliuliza.

"Protase. Nilimwomba apime gari la kaka yake kwa siri. Akaniletea kipande cha boksi kimepigwa alama za masizi. Nikakikabidhi vile vile kilivyokunjwa."

Celestin aliligeuza gurudumu, akaingiza kidole kwenye tundu moja baada ya jingine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda na mzigo mmoja, na tangu utotoni alifundishwa kutojiingiza katika mambo ya wenye nyumba.

"Protase hakukosea kupima," alisema hatimaye. "Mtu hawezi kuziangalia boliti nne akachora tano. Alipima gari jingine."

"Gari gani?"

"Nafasi za matundu haya ni za gari la Mark II."

"Melkiory hana Mark II."

Celestin alianza kufuta mikono kwa kitambaa, akaifuta mpaka ikatakata, akaendelea kuifuta.

"Celestin. Nakuuliza wewe."

"Mama, waitu, nakuomba, mimi ni fundi tu. Nikiitwa kubadilisha oili, nabadilisha oili."

"Ulibadilisha wapi?"

Kabla hajafungua kinywa, honi ililia njiani. Pikapu iliingia uani kwa kasi, kuku wakatawanyika, na Protase mwenyewe akaruka chini. Alikuwa amevaa suti. Kifuani alikuwa amechomeka ua jeupe.

"Shikamoo, shemeji! Mungu akuzidishie! Nimeyafuata magurudumu."

"Umeyafuata?"

"Ndiyo, tumechelewa. Mark II liko juu ya mawe tangu jana, ya zamani nimekwisha kuyatoa. Misa ni saa nne." Akayaona yamepangwa chini, akapiga makofi. "Lo! Shemeji, unajua kuchagua! Kaka ataruka. Watu wanasema mke mkubwa hana moyo wa namna hii. Nikawaambia, ninyi hamumjui shemeji yangu."

Joviana alishika mlango wa Datsun.

"Misa ya nini, Protase?"

Kijana alicheka. Kisha akamwangalia Celestin, na Celestin akatazama chini. Hapo kicheko kikamkauka mdomoni.

"Shemeji, si ulikubali? Kaka alituambia ukoo mzima kwamba wewe umeridhia. Ulipoomba nipime gari lake la siri, nikajua ni zawadi yako ya harusi."

"Nilisema upime gari lake kwa siri!"

"Mungu wangu," Protase alisema, akakaa kwenye ngazi ya pikapu.

Ndugu zangu, mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuujua ufa wa nyumba yake. Kaka mtu alijua. Fundi alijua. Kijiji kizima cha Chonyonyo kilijua, maana huko matangazo ya ndoa yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Kimuli hayakusomwa, na Joviana aliambiwa mumewe yuko Moshi kwenye mnada wa kahawa.

"Anamwoa nani?"

"Speciose. Mwalimu. Wa kule kule Chonyonyo."

"Ndoa ya kanisani?"

Protase hakuweza kumtazama. "Ya kanisani, shemeji."

Kati ya yote aliyoyasikia asubuhi ile, hilo ndilo lililomchoma. Mwanamke mwingine angeweza kumvumilia. Nyumba nyingine angeweza kuivumilia, wangapi wamevumilia. Lakini pale mbele ya altare palikuwa mahali pake. Amepangoja kuliko alivyongoja mtoto.

"Pakieni magurudumu," alisema.

"Shemeji, nitamwambia kaka hayakufika..."

"Pakieni nimesema. Na wewe Celestin, chukua zana zako. Nimeyanunua kwa ajili ya gari la harusi la mume wangu. Nitayapeleka mwenyewe."

Njia nzima hakutoa chozi. Alijikaza kisabuni, ameketi katikati ya wanaume wawili, mikono juu ya mapaja, na nyuma magurudumu yakigongana kila penye korongo. Moyoni alikuwa amekwisha kukata shauri. Gari liko juu ya mawe na magurudumu ni yake. Atasimama mbele ya wageni wote, atasema yeye ni nani, kisha atapanda pikapu na kurudi na magurudumu yake Kimuli. Bibi harusi na aende kanisani kwa miguu yake.

Lilikuwa shauri zuri, nami nalisifu. Lakini shauri la njiani silo la kufika.

Nyumba ya Melkiory ya Chonyonyo ilikuwa mpya, bati linawaka. Uani wanawake walikuwa wamezunguka sufuria za ndizi, mitungi ya lubisi, pombe ya ndizi, imepangwa kivulini, na katikati, juu ya mawe manne, lilisimama Mark II jeupe lililofungwa riboni. Lilikuwa refu, limelala chini, gari la mtu anayependa mwendo. Joviana alilitazama na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini Melkiory alikuwa hachoki kusimulia. Hakuwa akiisimulia Datsun yao. Miezi yote ile mezani, akila chakula cha Joviana, alikuwa akilisimulia gari hili.

"Nani huyo?" mwanamke mmoja alinong'ona.

"Ndiye yule wa Kimuli."

"Mawe, mama wee! Amekuja?"

Kantengwa, shangazi yake Melkiory, aliinuka na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Joviana alimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Mzee akaitikia marahaba kwa ncha ya ulimi, bila kumwondolea macho.

Sasa. Joviana alivuta pumzi, akafungua kinywa aseme lile alilolibeba kutoka Kimuli.

"Mama!"

Mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka msichana amevaa gauni la rangi ya maziwa, nywele zimesukwa upya, mkononi ameshika maua. Alikuwa Eugenia. Bintiye. Mtoto ambaye, kwa ujuzi wa mama yake, alikuwa shuleni Bukoba akijiandaa na mtihani.

"Mama umekuja! Baba alisema hutakuja, unaumwa!" Alimkumbatia kwa nguvu mpaka maua yakapondeka. "Nilimwambia bila mama mimi sitakuwa mpambe. Akasema wewe ndiye uliyemchagua mwalimu Speciose ili nyumba iwe na msaada. Kweli, mama? Mimi nilikuwa sitaki. Lakini kama ni wewe uliyechagua..."

Wanawake wa sufuriani wote waliacha kumenya ndizi. Walitaka kusikia.

Wasomaji wangu, semeni ninyi mngemjibu nini mtoto yule, mbele ya macho yale yote. Mimi nimefikiri na sijapata. Joviana alimtazama bintiye akaona kwamba mtoto alikuwa ameubeba mzigo huu peke yake, na sasa kwa sababu mama amekuja, alidhani ameutua. Ukweli ungemwangukia Eugenia kwanza, kabla ya kumfikia Melkiory.

"Umependeza," alisema.

"Na hayo ndiyo magurudumu? Umeleta wewe?"

"Nimeleta mimi."

Akageuka haraka, uso usionekane. "Celestin, tuanze."

"Mama Eugenia, una hakika?"

"Anza."

Basi wakaliinua gari kwa jeki mbele na nyuma, wakaondoa mawe, wakaanza kuyafunga. Rimu zile zilikuwa na matundu membamba na marefu, nati zake zinazama ndani, na Celestin alikuwa na spana moja tu iliyoingia humo. Alilivalisha gurudumu la mbele kushoto, akapachika nati, akazikaza kwa kupokezana, hii kisha ya mkabala wake, ili rimu ikae sawa. Akaenda la mbele kulia. Akaenda la nyuma kulia. Yaliingia kama mguu katika kiatu chake.

"Hilo la mwisho niachie," Joviana alisema.

Celestin alimwangalia, akaelewa kwamba mwanamke huyu anahitaji kitu cha kuficha uso wake. Akampa spana, akasogea mbele kuondoa jeki ya kwanza.

Joviana alichuchumaa nyuma ya gari, upande wa migomba, ambako hakuna aliyemwona. Aliliinua gurudumu la nyota, akalisukuma kwenye boliti, akapachika nati kwa vidole. Ya kwanza. Ya pili. Hapo ndipo machozi yaliyokataa kutoka njia nzima yalipotoka. Alilia bila sauti, akizungusha nati kwa vidole, pua inatiririka, na spana imelala mapajani. Alikuwa amejiona mara nyingi akipanda gari lenye magurudumu haya, amevaa nguo nyeupe, amechelewa umri lakini amefika. Ya tatu. Ya nne. Ya tano.

"Nani ameyachagua haya?"

Ilikuwa sauti ya Melkiory, na ilikuwa na furaha ambayo Joviana hakuisikia kwa miaka. Alikuwa ametoka ndani amevaa suti nyeusi. Akapapasa gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye mkono wa rimu.

"Mikono mipana! Hakuna wavu! Nani ameujua moyo wangu hivi? Ni Speciose?"

Alizunguka gari akilikagua, mpaka akafika nyuma, akamkuta mkewe chini.

Walitazamana.

"Joviana."

"Ni mimi niliyeyachagua," alisema, akiinuka na spana mkononi. "Ulisema kahawa ikipata bei, utafunga ndoa."

Melkiory alitupa jicho kwa wageni, kisha akashusha sauti. "Na nafunga. Nilisema nitafunga ndoa. Sikutaja na nani."

"Nilikuwa nakupikia ukisema hivyo. Ulikuwa unamwambia nani mwingine?"

"Usiniaibishe mbele ya watu. Jumatatu nitakuja Kimuli tuzungumze. Kibanja ni chako, hakuna atakayekugusa. Unataka nini zaidi?"

Alitaka komunyo. Alitaka asimame pamoja na wenzake Jumapili na kupanga mstari. Jambo dogo sana kulisema, na hakuweza kulisema kwa mtu huyu. Alitikisa kichwa tu.

"Protase!" Melkiory aliita. "Shusha gari, mchukue Eugenia, mkamlete bibi harusi. Mimi natangulia kanisani na pikapu."

"Bado kidogo, bwana," Celestin alisema kutoka mbele. "Gari likishakanyaga chini, nati hukazwa tena mara ya mwisho."

"Utakazia kanisani, fundi. Padre haningoji mimi."

Protase alishusha jeki ya nyuma mwenyewe. Mark II likakaa chini juu ya nyota zake nne, na wanawake, hata wale waliokuwa wakinong'ona, walipiga vigelegele, kwa sababu lilikuwa limependeza kweli. Pikapu ikaondoka na Melkiory. Eugenia alipanda kiti cha nyuma, akashusha kioo, akanyoosha mkono.

"Mama, utakuja kanisani?"

"Nenda, mwanangu."

Gari liliteremka kuelekea bondeni, honi ikipigwa kwa mdundo wa harusi, riboni zinapepea.

Na liende, Joviana alisema moyoni. Na liende nao wote, nisilione tena. Alilisema kwa uchungu wote aliokuwa nao, nami simlaumu.

Celestin alikuja akikusanya zana zake kwenye gunia. "Nipe hiyo spana, Mama Eugenia. Nitakata kwa miguu kwenye migomba niwafuate kanisani, nimalizie. Lako ulilikaza vizuri?"

Joviana alimnyooshea spana. Kisha akausimamisha mkono hewani.

Alikumbuka nati ya kwanza. Aliipachika kwa vidole. Ya pili, kwa vidole. Alikumbuka zote, na zote zilikuwa na vidole vyake na machozi yake, na spana haikuwamo popote. Ilikuwa imelala mapajani.

"Celestin," alisema, "sikukaza."

"Hukukaza ngapi?"

"Hata moja."

Uso wa fundi ulibadilika rangi. Aliangalia njia, akaangalia mteremko wa mawe ulioanzia nyuma ya kona. Joviana hakungoja aseme. Alitupa viatu akakimbia.

"Eugenia! Protase, simama! Simamisheni gari!"

Hakufika hata langoni. Mikono ilimdaka kiunoni, mingine mabegani. Wanawake walikuwa wamemngoja tangu alipofika. Walijua tu kwamba kitu kama hiki kingetokea.

"Mshikeni!" Kantengwa alipiga kelele. "Nilisema mimi! Wivu umempanda!"

"Gurudumu la nyuma halijakazwa! Niachieni, mtoto wangu yumo!"

"Ndiyo, ndiyo, mwanangu. Hata mimi mume wangu alipooa nilisema nyumba inaungua."

"Anasema kweli!" Celestin alijaribu kupita. "Mimi ndiye fundi, nawaambieni gari halijakazwa!"

"Fundi wa nani? Si umekuja naye? Mmepanga ninyi wawili!" Wanaume wa mitungini waliinuka, mmoja akamkamata Celestin kwa ukosi wa shati, mwingine akamnyang'anya Joviana spana, maana mwanamke mwenye wivu na chuma mkononi ni jambo la hatari.

Walimkalisha kwenye jamvi kwa nguvu. Wawili walimshika mikono, wa tatu alimkalia miguu, na hawakuwa wabaya. Mmoja wao alimfuta uso kwa upindo wa khanga yake na kumwambia alie tu, kulia kunapunguza. Joviana aliacha kupiga kelele. Alikuwa akisikiliza honi.

Ililia bondeni, mdundo ule ule wa harusi, ikififia kadiri gari lilivyokwenda. Kisha ikakatika katikati ya mdundo.

"Haya, mnasikia?" Kantengwa alisema, akirudi kwenye ndizi zake. "Wamefika kwa bibi harusi."

Yule aliyekuwa akimfuta Joviana uso aliinua kichwa.

"Mbona mapema, shangazi?" alisema. "Kwa kina Speciose si ng'ambo ya mto?"